Mshale wa Nne

Ukitaka kujua rubani anavaa saa ya namna gani, huna haja ya kumshika mkono. Chukua shati lake, tazama mkono wa kushoto, pale penye kifungo. Saa nyembamba hukiacha kitambaa kizima. Saa nene yenye kingo kali hukitafuna taratibu kama panya, leo uzi mmoja, kesho mwingine, mpaka shati ambalo mabega yake bado mapya linakuwa limeshakufa mkononi. Mama Pasi aliyajua haya bila kufundishwa na mtu. Shule aliisikia kwa wenzake tu. Aliyajua kwa sababu ujana wake wote, na umri uliofuata baada ya ujana, aliumalizia nyuma ya meza moja, akipiga pasi mashati ya watu wa ndege.

Kwa dobi palikuwa chumba kirefu nyuma ya jengo wanamolala marubani na wahudumu wakiwa safarini. Upande mmoja mashine za kufulia, upande wa pili meza za pasi, na katikati mvuke ambao ulikuwa ukimtoa mtu jasho hata siku ya baridi. Kila ndege iliyoruka ilitikisa vioo vya madirisha. Mgeni alishtuka. Wenyeji waliacha tu kuongea kidogo, wakangoja ipite, wakaendelea na umbea pale pale walipouachia.

Jina la Mama alilipata kwa sababu ya mtoto, na la Pasi kwa sababu ya kazi. Mtoto hakuwa wake, na pasi haikuwa yake.

Mtoto aliletwa na dada yake Mama Pasi, wa tumbo moja, mkubwa wake. Alikuja asubuhi amevaa viatu vya safari, mtoto mgongoni, hata kiti hakukitaka. Akamfungua mtoto, akamweka mikononi mwa mdogo wake, akasema, "Nishikie huyu mara moja, naja."

Ile "naja" ilikuwa ndefu. Mtoto aliota meno ndani yake, akatambaa, akasimama, akaenda shule, akaota ndevu, na mwenye kuja hajaja. Baadaye watu walisema alivuka mipaka na mwanamume fulani, yuko nchi za mbali huko, ana maisha yake. Hakuleta barua wala salamu. Aliyeshikishwa akabaki ameshika.

Wakati ule Mama Pasi alikuwa na mchumba, fundi bomba, mtu wa mzaha na meno mazuri, ambaye alikwisha kujitambulisha kwa wazazi. Fundi bomba alimvumilia mtoto siku za mwanzo akijua mwenyewe atarudi. Alipoona harudi akasema, "Mimi nilichumbia mtu mmoja. Wawili sikuwaagiza." Mama Pasi akamwambia, "Basi nenda kamchumbie mmoja." Aliyasema kwa hasira ya siku hiyo, akidhani mwanamume atarudi kesho yake kubembeleza. Hakurudi. Nao ndio uliokuwa mwisho wa habari za kuposwa.

Mtoto alikulia chini ya meza ya pasi, ndani ya tenga la mashati machafu. Alikuwa na njaa isiyokwisha, kinywa wazi wakati wote, ndipo wanawake wa kwa dobi wakamwita Kinda. Mama Pasi hakumficha lolote. Alipoanza kuuliza, alimwambia kuwa aliyemzaa ni dada yake, na yuko mbali. Mtoto akafikiri, kidole mdomoni, kisha akatoa hukumu yake: "Wewe ndiye mama. Yule dada yako. Basi yule ni mama mkubwa."

Wanawake walicheka mpaka wakashika meza. Mama Pasi hakucheka. Aliinama, akajifanya anatafuta kifungo kilichoanguka, na kule chini alilia kwa furaha. Katika maisha yake yote hiyo ndiyo zawadi aliyopewa bila kuomba.

Urubani nao Kinda aliuokota pale pale chini ya meza. Mashati yenye tepe za dhahabu mabegani yalikuwa yananing'inia juu ya kichwa chake mchana kutwa. Akawa anayauliza majina ya wenyewe, wanaruka wapi, wanarudi lini. Rubani mmoja mzee, mteja wa siku nyingi, akampenda, akamsaidia kupata nafasi ya kusoma. Yaliyobaki aliyabeba Mama Pasi kwa mgongo wake: zamu zake na zamu za wengine, sikukuu zake na sikukuu za wengine. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Walisahau kusema mshahara wa kazi hiyo hulipwa kwa nani.

Kinda akawa rubani wa ndege ndogo, kisha za wastani. Na hapo, alipopigwa picha akiwa na kofia kichwani na tepe mabegani, picha ikapita simu hii na simu ile mpaka ikafika ilikofika, yule wa "naja" akakumbuka kwamba aliacha mzigo mahali.

Alipiga simu, akalia. Machozi ya kwenye simu hayamlowanishi mtu, lakini Kinda aliloa. Ni kijana mwenye moyo laini, na Mama Pasi ndiye aliyempa moyo huo, angemlaumu vipi? Alimwambia mwenyewe, "Zungumza naye, baba. Mzazi ni mzazi." Maneno ya kistaarabu, yanayosemwa na mtu ambaye hajajua bei yake.

Bei aliijua jioni moja akiwa jikoni anaosha vyombo. Alisikia sauti ya Kinda sebuleni: "Mama!"

"Unasemaje, baba?" akaitika, akikimbilia mlangoni na mikono yenye povu.

Kinda alikuwa na simu sikioni. Akampungia mkono polepole, kama anavyofukuzwa kuku asiyetakiwa kushtuka. Si wewe.

Tangu siku hiyo akaanza kumwita Mama Mdogo. "Ili nisichanganye," alisema, na akamkumbatia. Mama Pasi akamwuliza, "Na huo udogo nimeupata lini? Nimesinyaa?" Wakacheka wote wawili. Mmoja wao alikuwa anacheka kweli.

Kisha ikaja kazi kubwa. Shirika la nchi za mbali lilimtaka Kinda akarushe ndege zile kubwa zinazovuka bahari. Na katika miji yote ya dunia, makazi yake yatakuwa mji ule ule anaokaa dada yake Mama Pasi. Haikuwa njama, ilitokea tu hivyo. Lakini mtu aliyezoea kupigwa haulizi tena fimbo imekatwa mti gani.

Wiki ya mwisho kabla ya safari, Kinda alikuja mpaka kwa dobi, akaegemea meza ya pasi kama zamani.

"Mama Mdogo, kesho uombe ruhusa. Twende mjini ukanichagulie saa."

"Saa ya nini, na simu unayo?"

"Saa ya rubani. Ile ya maana, ya kukaa nayo maisha. Nimetazama picha mpaka kichwa kinauma, sijui nichukue ipi."

"Sasa mimi najua nini habari za saa?"

"Unayajua mashati yangu," Kinda akasema. "Saa na shati ni majirani."

Usiku ule Mama Pasi alilala akiwa na neno hilo kama pipi mdomoni. Kati ya watu wote, amechaguliwa yeye kuchagua. Kila atakapotazama saa, huko juu mawinguni, atatazama kitu kilichopita kwenye vidole vya Mama Pasi kwanza. Akajiambia: hapo ndipo nitakapokaa. Hapo kwenye mkono. Hapo hanitoi mtu.

Asubuhi alipitia kazini kuaga. Mwenzake wa mashine ya kufulia, mwanamke waliyemwita Povu kwa wingi wa maneno yake, alimzunguka mara mbili.

"Ehee! Leo umepaka mafuta mpaka visigino. Fundi bomba amerudi?"

"Naenda kuchagua saa ya mwanangu."

"Wewe! Saa unayoijua wewe ni ya kutoka kazini tu."

"Hiyo pia huijui wewe, maana unatoka kabla yake."

Povu akacheka, akamtoa uzi mweupe begani. "Nenda, shoga. Chagua nzuri. Na usiguseguse vioo, mikono yetu hii inaacha alama."

Duka lilikuwa chini ya hoteli kubwa, mlango wa kioo, ndani baridi kama chumba cha nyama. Mlinzi alimfungulia Kinda, kisha akamwekea Mama Pasi mkono. "Mama, watu wa usafi mlango wa nyuma."

"Yuko na mimi," Kinda akasema.

"Samahani, mkubwa." Samahani alipewa Kinda. Mama Pasi alipita akiwa amenyoosha shingo, ameshikilia mkoba kama ngao.

Muuzaji alikuwa kijana mwembamba mwenye glavu nyeupe. Aliwaketisha, akatandika kitambaa cheusi juu ya meza ya kioo, akaanza kuzileta moja moja, kwa adabu, kama analeta wari waliofichwa ndani.

Ya kwanza ilikuwa imejaa tarakimu ndogo kuizunguka kote, ndani na nje. Muuzaji akaeleza kwamba zamani rubani aliweza kuizungusha ile duara ya nje akapiga hesabu ya mwendo na mafuta.

Mama Pasi akaisogelea. "Hii ni sukari iliyoingiwa na sisimizi. Mtu atasoma nini hapo?"

Kinda akacheka. "Kweli. Irudishe."

Ya pili ilikuwa na saa nyingine tatu ndogo ndani ya tumbo lake, na vifungo viwili ubavuni, na ukingo wenye meno meno kama kizibo cha soda. Ilimeta. Kinda aliivaa, na macho yake yakameta nayo. Mama Pasi akaomba aishike. Aliitembeza kwenye mkono wa gauni lake mwenyewe, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kisha akainua kitambaa kwenye mwanga.

"Hii inakula shati."

"Mama, hiki ni chuma bora kabisa," muuzaji akasema. "Hakipati hata kutu."

"Chuma hakiliwi, baba. Chenyewe ndicho kinachokula." Akampa Kinda. "Ukiipenda chukua. Lakini mashati yako utazika mengi, na huko uendako sijui nani atakushonea midomo ya mikono."

Kinda aliivua. Ilimwuma kidogo, lakini aliivua, na kifua cha Mama Pasi kikajaa. Bado ananisikia, alifikiri. Bado ni wangu.

Ya tatu haikumeta. Uso mweusi, tarakimu nyeupe kubwa ambazo hata mtu asiyesoma angezisoma, na juu kabisa, mahali pa kumi na mbili, pembetatu yenye vidoti viwili. Ukingo wake laini kama jiwe la mtoni. Mkanda wa ngozi ya kahawia, wenye misumari midogo iliyolazwa. Ubavuni kifundo kikubwa cha kuitilia ufunguo, kinono kama kitunguu kidogo.

"Hizi ndizo za asili," muuzaji akasema. "Marubani wa kwanza walikuwa wanaruka kwenye baridi na giza. Tarakimu kubwa, wazione. Kifundo kikubwa, waweze kukizungusha wakiwa na glavu."

Ilikuwa saa nne asubuhi, na mishale ya saa ilionyesha kumi, kama saa zote za dunia zinavyopenda kutudanganya. Lakini Mama Pasi aliona kitu kingine. Mshale wa saa upo, wa dakika upo, wa sekunde unakimbia. Na wa nne, mwembamba, mwekundu, umesimama peke yake upande mwingine kabisa, kama mtu aliyenuniwa.

"Na huyu? Amepotea njia?"

Muuzaji akatabasamu. "Huyo, mama, ndiye anayeifanya iwe ya rubani. Mshale wa nne ni wa mji wa pili. Rubani yuko ugenini, mishale hii inamwonyesha saa ya pale alipo. Lakini huu mwekundu haubadiliki. Unamwonyesha saa ya nyumbani. Akiutazama anajua: sasa nyumbani wanaamka, sasa wanakula, sasa wamelala."

Mama Pasi alisogeza kiti. Aliutazama ule mshale kama mtu anayetazama kitanda baada ya safari. Akaona kila kitu: Kinda kwenye chumba cha hoteli, mvua ya ugenini dirishani, anageuza mkono, anasema moyoni, sasa Mama yuko kwenye pasi. Sasa anafunga jiko. Hakuhitaji zaidi ya hapo. Mtu wa kuitwa Mama Mdogo huomba pahali padogo, na huu mshale ulikuwa mwembamba vya kutosha.

"Hii," akasema. "Nyingine zote zirudishe. Hii."

Kinda aliivaa, akageuza mkono huku na huku. "Kweli inakaa. Mbona sikuiona kwenye picha?"

"Mama yako ana jicho," muuzaji akasema.

"Huyu mama mdogo," Kinda akasema, kwa wepesi tu, bado akitazama mkono wake. "Mama yuko huko ninakokwenda. Yeye ndiye ananinunulia, zawadi ya kazi. Ngoja nimwonyeshe."

Ndani ya duka kulikuwa na saa nyingi, zote zinaenda. Mama Pasi alizisikia zote.

Alikuwa amedhani ni mshahara wa kijana mwenyewe. Hakuuliza, na hakuambiwa, maana nani angefikiri kuna cha kuambiwa? Kinda alipiga picha, akaituma, na kabla hajaweka simu mezani ikaita. Aliiweka sauti ya juu ili wote wasikie furaha.

"Mwanangu! Nzuri jamani! Nzuri mpaka nimelia. Nani amekuchagulia?"

"Mama Mdogo. Yuko hapa, anakusikia."

"Aa! Mdogo wangu, hujambo?"

"Sijambo, dada."

"Umetuchagulia vizuri. Wewe tangu utoto ulikuwa na mkono wa kazi."

"Ulisema unakuja," Mama Pasi akasema.

"Unasemaje? Huku sauti inakatika."

Muuzaji alikuwa ameinamia kitambaa chake, anakikunja upya kitu ambacho hakikukunjuka. Kinda aliinua macho, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alionekana kuogopa.

"Nasema saa nzuri," Mama Pasi akasema.

"Ee, nzuri mno! Mungu akuweke."

Simu ilipokatika Kinda alimshika bega. "Umekasirika, Mama Mdogo?"

"Nikasirike kwa lipi? Zawadi ni zawadi." Na ndani yake alijishika kama anayeteleza ukutani anavyoshika msumari. Anunue yeye. Alipe yeye. Jina liwe lake. Mshale mwekundu haununuliki. Huo ni wa nyumbani, na nyumbani ni kwangu.

Muuzaji, akitaka kuondoa ule uzito, akachukua saa. "Tuipange kabisa, utoke nayo tayari. Mishale mikubwa niweke saa ya hapa au ya huko?"

"Ya huko. Kesho kutwa niko huko, nizoee mapema."

Kifundo kilizungushwa. Mishale mikubwa ikaondoka kwenye asubuhi ya Mama Pasi, ikaenda kusimama kwenye asubuhi ya dada yake, ambayo ilikuwa bado changa.

"Na huu wa nne, mkubwa? Wa nyumbani?"

Mama Pasi alikaa wima. Hata gauni alilivuta.

"Huo niwekee saa ya marubani," Kinda akasema.

Muuzaji akatikisa kichwa kwa kuelewa, akazungusha.

"Saa ya marubani ndiyo ya wapi?" Mama Pasi akauliza.

"Si ya mahali, Mama Mdogo. Ni saa moja tunayotumia sote dunia nzima, tukiongea na waongozaji wa ndege. Kila mtu akifuata saa ya kwao tutagongana huko juu. Ni ya kazi tu. Haina wenyewe."

"Haina wenyewe."

"Ee."

"Na ya huku?"

"Ya huku?" Kinda akacheka, akampapasa mkono. "Ya huku naijua kichwani. Si kujumlisha tu?"

"Kujumlisha au kutoa?"

Akafikiri kidogo. "Kujumlisha. Ngoja... Ee. Kujumlisha."

Muuzaji, huyu kijana wa glavu ambaye hakumjua mtu, ndiye aliyejaribu. Alisema kwa sauti ya chini kwamba duara ya nje nayo huzunguka. Mtu akitaka anaweza kuitega, ikamwonyesha mji wa tatu.

"Hapana," Kinda akasema. "Ikiwa mingi nitachanganya."

Mama Pasi alisimama. Alimwambia wanachelewa, na duka lina baridi, na magoti yake hayapendi baridi. Mlinzi alimfungulia mlango safari hii kwa heshima zote, maana alimwona ametoka na mfuko. Mfuko alikuwa amepewa aushike.

Povu alimngoja kwa dobi. Hakuhitaji kuambiwa, alisoma usoni.

"Mrudie kwa maneno," Povu akasema. "Mwambie. Kijana mwema yule, hajui tu."

"Nimwambie nini? Nipe mshale? Mtu mzima anaombaje mshale?"

"Basi samehe. Tenda wema, nenda zako."

"Niende wapi?" Mama Pasi akauliza. Haikuwa mzaha. Alikuwa amesimama pale pale aliposimama siku aliposhikishwa mtoto, meza ile ile, na kwa kweli hakujua njia nyingine ya kutokea.

Ndege ilipita juu, vioo vikatikisika, na hata ilipokwisha kupita hakuna aliyeendelea.

Shati la safari alilipiga pasi mwenyewe, asimwachie mtu. Mabega, mgongo, ukosi. Mkono wa kulia. Alipofika kushoto alizima pasi, akachukua sindano, akakikata kifungo, akakisogeza kidogo, ili mdomo wa mkono uipitie ile saa bila kubana na bila kusugua. Kifungo kimoja, upana wa ukucha. Hakuna ambaye angekiona. Alikifunga uzi mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Kinda alilivaa asubuhi ya kuondoka, akafunga kifungo juu ya saa, akanyoosha mkono mbele ya kioo. "Shati limekaa leo," akasema. Akamkumbatia, akaenda. Mama Pasi hakwenda uwanjani. Hakukuwa na haja. Uwanja ulikuwa ukuta wa pili. Alikuwa na mkono wa shati la mtu mwingine chini ya pasi vioo vilipotikisika, na kwa kuwa alisahau kuinua, alilichoma.

Simu ya kwanza ilichelewa kuja. Alikuwa ameiweka mezani karibu na maji ya kunyunyizia, ikimtazama, siku baada ya siku, mpaka Povu akaanza kuisogeza mwenyewe isilowe. Ilipoita, jua lilikuwa linaingia chumbani kutoka upande wa magharibi, jekundu, refu, mpaka kwenye mashine za mwisho. Wanawake walikuwa wanavua aproni. Wa zamu ya pili walikuwa wameshaingia.

"Mama Mdogo! Habari za asubuhi!"

Mama Pasi alitazama dirisha. Alitazama jua likiondoka.

"Nimekuamsha?" Kinda akauliza. Sauti yake ilikuwa changamfu, na nyuma yake mwanamke alikuwa anacheka, kicheko anachokijua tangu utoto. "Nilisema niwahi kabla hujaenda kazini. Nimepiga hesabu vizuri, eti?"

Kijana aliyezijua saa za anga zote. Palipotakiwa kujumlisha, alitoa.

Mama Pasi alifungua kinywa amwambie. Kisha akaona jinsi itakavyokuwa: atacheka, ataomba radhi, atasema ngoja niandike mahali, na kesho atakosea tena, kwa sababu mtu hukosea kitu asichokitazama. Akaona pia kwamba hiki ndicho alichopewa, hii asubuhi isiyokuwapo, na kwamba akiikataa hana nyingine.

Povu alikuwa amesimama na aproni mkononi, ananong'ona, "Asubuhi gani hii?"

"Umepiga vizuri, baba," Mama Pasi akasema. Akaketi juu ya tenga la mashati machafu, akaligeuzia dirisha mgongo. "Ndiyo kwanza naamka."